Punda Aliyetoa Pumzi Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini walinipa kisu, koti jeupe lililonifika karibu na vifundo vya miguu, na buti za mpira zilizoachwa na mtu aliyehama. Ilikuwa Mpanda mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati Mpanda bado ni wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo na cheti changu ndani ya bahasha, nikiwaza kuchanja ng'ombe wanono na kupigiwa makofi. Badala yake nikapelekwa machinjioni.

Mkubwa wangu alikuwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka stesheni ya treni. Alinitazama na lile koti langu, akacheka bila kuficha.

"Binti, mapafu unayajua?"

"Nayajua, mzee."

"Unayajua ya kwenye picha. Shika hili."

Akanitupia pafu la ng'ombe mikononi. Lilikuwa jepesi, laini kama sifongo, la rangi ya waridi iliyofifia. Kisha akanipa la pili, na mikono ikashuka yenyewe kwa uzito. Lilikuwa gumu kama ini, na lilipokatwa lilionyesha michirizi ya rangi mbalimbali. Alikata kipande kwenye kila moja akavitia kwenye ndoo ya maji. Cha kwanza kikaelea, cha pili kikazama. "Pafu lililozama lilikuwa halipitishi hewa," akasema. "Na mnyama huyu jana alikuwa anatembea barabarani, watu wanampisha. Hakuna aliyemwona anaumwa. Kazi yako ni kumwona akiwa bado anatembea."

Hapo ndipo aliponianzishia utaratibu ambao sijaona ukifanywa na mkubwa mwingine. Kila asubuhi, kabla ya wachinjaji kuanza, nilisimama nje ya zizi la kusubiria. Nilitakiwa kumtazama kila ng'ombe akiwa hai na kutamka kwa sauti yale nitakayoyakuta ndani ya kifua chake. Baada ya kuchinjwa nilifungua na kuangalia kama nimepatia. Wachinjaji waliigeuza burudani yao. Nikikosea walipiga miluzi, nikipatia walinitengea kipande cha maini. Nilikula maini machache sana mwaka ule.

Alinifundisha kusimama mbali kwanza, kwa sababu mnyama akishtuliwa na mgeni hubadilisha pumzi na kuficha udhaifu wake. Alinifundisha kutazama mbavu kabla ya uso. Mnyama mzima aliyepumzika hupumua kwa utulivu hata usione, lakini mgonjwa mbavu zake hujitangaza. Baada ya hapo unaangalia matundu ya pua, kama yamepanuka wakati hakuna aliyemkimbiza. Unaangalia makamasi kama ni maji matupu au mazito ya njano, na kama yanatoka tundu moja au yote mawili. Unapapasa tezi chini ya taya. Unasikiliza kikohozi, maana kuna kikavu na kuna chenye majimaji. Mwisho kabisa ndipo unapoingiza kipimajoto, na hakiingizwi mdomoni, kwa hiyo jiandae kupigwa teke.

Nilidumu machinjioni mpaka nilipoacha kuota mapafu usingizini. Halafu nikahamishiwa Kapalamsenga, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Huko watu ni wavuvi na wakulima, mifugo ni mbuzi na kuku. Mtendaji wa kijiji alinipokea kwa heshima zote, akanitambulisha mkutanoni, na tangu siku hiyo kazi yangu kubwa ikawa kuku wake. Sikukaa sana. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wanazidi kushuka na ng'ombe kuelekea bonde la Mpimbwe, na Daktari wa Wilaya akaniita. "Nenda Majimoto," akasema. "Huko kuna wanyama wa kweli, na watu wao wana hasira za kweli. Usiwajibu haraka."

Majimoto ya wakati ule ilikuwa inakua machoni pa watu. Wapimbwe wenyeji walikuwa na mashamba yao ya mpunga na mahindi na kanisa lao. Wasukuma walikuwa na ng'ombe, maksai wa kulimia na punda. Waliuziana, waligombana, walioana. Mimi Mfipa niliwekwa katikati nikiwa na boksi la dawa na baiskeli. Waliniita Bwana Mifugo. Nilivaa gauni, nilisuka nywele, nilibeba mimba na kujifungua hapohapo, nikabaki kuwa Bwana Mifugo.

Sasa nifike kwa punda.

Mama Milembe alikuwa mjane wa Kisukuma mwenye umri wa mama yangu mdogo. Yeye na marehemu mumewe walihama kutoka Shinyanga na ng'ombe, na ng'ombe hao waliishia njiani, wengine kwa nagana, ule ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wengine kwa njaa. Alibaki na punda wawili. Mmoja akaliwa na fisi. Aliyebaki, punda jike mwenye msalaba mweusi mgongoni, ndiye aliyekuwa mguu na mkono wake. Alimbebesha maji ya kuuza kwa mama lishe. Msimu wa mavuno alikwenda naye kijiji cha Mamba kuchukua mpunga wa watu na kuuleta mashineni. Bila punda huyo Mama Milembe angekuwa wa kuombaomba, na alikuwa mwanamke asiyejua kuomba hata chumvi.

Mwaka huo homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imesikika upande wa pili wa mto. Hii ndiyo ile inayogeuza pafu kuwa gumu kama nililoshikishwa siku ya kwanza, na mnyama mmoja anayekohoa anaweza kumaliza boma zima. Watu hawakulala vizuri. Na katikati ya hofu hiyo, punda wa Mama Milembe akaanza kukohoa kisimani, mbele ya ng'ombe wa kijiji kizima.

Aliyekuja kwangu alikuwa Kamanda wa sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa Wasukuma. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Bwana Mifugo, tumekaa kikao. Yule punda auawe. Tumempa mama muda hadi mnada ujao. Akikataa, tutamtenga."

Kutengwa kwao si jambo la kuchekea. Hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukusalimia, kisimani unangoja mpaka wote waondoke. Kwa mjane ni kuambiwa ahame.

"Kamanda, homa ya mapafu ya ng'ombe haimpati punda," nikamwambia. "Haishiki kwake."

"Hivyo ndivyo kitabu kinasema?"

"Ndiyo."

"Mimi nilitoka Shinyanga na ng'ombe wa kujaza mto," akasema taratibu. "Kukatokea mmoja anakohoa. Bwana mifugo wa kule akaniambia ni vumbi la safari tu. Nilifika Mpimbwe na fimbo mkononi. Hawa unaowaona nimeanza upya. Usinisomee kitabu, dada yangu."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Mtu aliyezika kundi lake namna ile ana haki ya kuogopa kikohozi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Mama Milembe. Nilisimama nje ya ua wake kama nilivyofundishwa, nikatazama. Alimtoa punda kwenye kibanda, akamfunga kwenye kigingi, akampangusa macho kwa upande wa kanga yake. Punda alikohoa kikohozi kikavu, cha kurudiarudia. Shingo aliinyoosha mbele. Matundu ya pua yalikuwa yamefunguka kama anayenusa jambo. Makamasi yalikuwa membamba. Majani aliyopewa aliyatafuna kwa hamu, na mgonjwa mwenye homa kali hawezi kula namna ile.

Ndipo nikatazama mbavu, na tumbo lake likanishangaza. Punda yule alikuwa akivuta hewa bila taabu, lakini kuitoa ilikuwa shughuli. Mbavu zilishuka, zikasita, kisha tumbo likabana tena kumalizia kuisukuma. Pumzi moja ilikuwa inatoka mara mbili. Chini ya mbavu, kuelekea nyonga, ulikuwa umejichora mstari kama mfereji mdogo. Ile ni misuli ya tumbo iliyojaa kwa kusaidia kifua kazi isiyokuwa yake. Mstari ule hautokei kwa wiki moja. Punda huyu aliteseka muda mrefu akiwa amenyamaza, kwa sababu punda ndivyo alivyo, halalamiki mpaka mambo yamekuwa makubwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia Mama Milembe kwa lugha yake.

"Mwangaluka, mwanangu. Umekuja kumuua?"

"Nimekuja kumpima."

Akaketi chini hapohapo. Nilimpima punda joto, hakuwa na homa. Tezi chini ya taya zilikuwa ndogo. Niliweka sikio langu kwenye mbavu zake nikasikia mluzi mwembamba ndani, kila alipotoa hewa. Nikamwuliza mama ni saa ngapi anakohoa zaidi.

"Asubuhi akitoka ndani. Tukienda Mamba, tukilala huko nje siku mbili tatu, anakuwa mzima kabisa. Tukirudi nyumbani anaanza. Watu wanasema ni mkono wa mtu."

Nikaomba kuona ndani ya kibanda. Kilikuwa kimejengwa kwa udongo, imara, bila hata tundu la dirisha, mlango wa mbao nene. Chini alikuwa ametandika majani makavu ya mpunga na makapi kutoka mashineni, kwa unene wa godoro, na ya chini yalishaota ukungu. Kona moja kulikuwa na majivu ya kinyesi cha ng'ombe na majani mabichi. Kila jioni aliwasha humo moshi wa kufukuza mbung'o, akafunga mlango ili fisi asiingie. Sikukaa humo muda mrefu. Nilitoka nikikohoa, machozi yananitiririka, kamasi hadi mdomoni.

"Mama Milembe, humu umelaza punda au unakausha samaki?"

Alicheka kidogo. Halafu nikaona kicheko kinamtoka usoni, maana alikuwa mwanamke mwenye akili, na alishaelewa kabla sijaeleza. Nikaeleza hivyohivyo. Vumbi la majani yenye ukungu na ule moshi vinaingia kwenye mirija ya mapafu, mirija inabana, hewa ikishaingia inakosa njia ya kutoka. Ni pumu, kama ya binadamu. Haiambukizi ng'ombe wala punda mwingine. Na mbung'o huuma mchana, usiku kile kibanda hakikuwa na mbung'o wa kufukuzwa.

"Basi ni mimi," akasema. "Watu wanatafuta mchawi, kumbe ni mimi. Mwenzake aliliwa na fisi nasikia kwa masikio yangu, nikasema huyu haliwi. Nimemjengea nyumba nzuri kuliko yangu. Nimemtandikia. Mimi nalala kwenye ngozi."

Chuoni hawakutufundisha la kumjibu mtu wa namna hiyo. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, angekuwa kwa mtu asiyempenda, fisi angeshamla zamani. Uhai wake ni wewe uliyeulinda. Tumbadilishie malazi tu, akae kwenye hewa."

"Na mnada ujao?"

"Nitamwita Daktari wa Wilaya," nikasema.

Nikatuma ujumbe Mpanda kwa dereva wa lori la mpunga. Daktari wa Wilaya akafika na Land Rover yake iliyokuwa ikipiga kelele kumshinda yeye mwenyewe. Alisimama mbali, mikono nyuma, akatazama punda kwa kitambo. "Sema," akaniambia, kama tuko machinjioni. Nikasema yote. Akatoa kifaa chake cha kusikilizia, akasikiliza pande zote mbili, akaniwekea masikioni na mimi nisikie ule mluzi vizuri. "Pumu," akasema. "Umepatia. Ila hapa hatufungui ndani tukawaonyesha watu. Utawathibitishiaje?"

Alizungumza na wanakijiji uwanja wa mnada, kwa ufasaha na kwa heshima. Kamanda alimsikiliza mpaka mwisho, akasimama.

"Daktari, tumekuelewa. Je, ukikosea wewe, kesho nani ataanza upya? Wewe au mimi?"

Watu wakanung'unika kumuunga mkono. Na mimi mdomo ukanifunguka kabla sijaupa ruhusa. Nikasema punda atakaa kwangu, kwenye ua wa nyumba ya serikali, mbali na kisima na ng'ombe wa mtu yeyote, hadi mnada. Simpi dawa ya kumnyamazisha. Kila anayetaka aje asimame nje ya uzio atazame mbavu. Mnada ukifika akiwa bado anatoa pumzi mara mbili kama leo, wafanye walivyoamua.

Wakakubali. Tukirudi, Daktari akaniinamia sikioni. "Ukikosea, mimi na wewe tutahama wilaya hii kwa miguu."

Mama Milembe alizungushia ua wangu miiba kwa mikono yake, tabaka juu ya tabaka. Punda alilala juu ya udongo mtupu, chini ya anga. Majani yake tuliyaloweka kwenye maji kabla ya kumpa, ili vumbi lisiruke. Mama alikuja mapema, akabeba maji kichwani siku hizo zote, maana punda alikuwa kwenye mtihani na hakutakiwa kisimani. Alikaa akitazama ule mstari wa tumboni.

Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika, na niwaambie ukweli, niliogopa. Mapafu yaliyoteseka muda mrefu hayaponi kwa sababu wewe una haraka. Watu walikuja, wakatazama, wakaondoka wakitikisa vichwa. Kisha kikohozi cha asubuhi kikapungua. Asubuhi moja nikamkuta ameshusha shingo, anafukuza nzi kwa masikio, na pua zake zimetulia. Mbavu zilishuka mara moja, zikaishia hapo. Nilitazama tena na tena kwa kutoamini. Mstari wa tumboni ulikuwa bado upo, lakini umeanza kufifia.

Siku ya mnada Kamanda alikuja na wenzake. Nilimfundisha yale niliyofundishwa, asimame, asimshtue, atazame mbavu. Akatazama. Kisha akaingia uani, akavua kofia, akapiga goti kwenye vumbi na kuweka sikio lake kwenye kifua cha punda. Mama Milembe alikuwa ameshika mti wa mlango wangu kwa mikono miwili.

Kamanda alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka hakunitazama mimi. Alimgeukia mama.

"Mayu, fisi wa upande wako ni wengi. Ua wa Bwana Mifugo hautadumu. Huyu atalala kwenye boma langu."

"Pamoja na ng'ombe?" akauliza mama, sauti ikimpotea.

"Pamoja na ng'ombe. Kule hakuna paa."

Wenzake wakatazamana. Mama Milembe akapiga magoti kama wanawake wa Kisukuma wanavyomshukuru mkubwa, na Kamanda akamwinua haraka, akiona aibu. Niliwasindikiza mpaka bomani. Nilimwona punda akiingizwa katikati ya ng'ombe wale ambao mtu yule aliwapata kwa kuanza upya. Kamanda alifunga lango kwa mkono wake, akabaki hapo akitazama mbavu.

Nilihama Majimoto baadaye, nikapanda vyeo, nikawa mwenye kuwatupia wengine mapafu. Daktari wa Wilaya alistaafu akiwa bado anafoka. Mimi nami nilifika siku yangu, nikapewa cheti, jiko la gesi na hotuba ndefu. Vijana wa mifugo wa leo wananitembelea hapa Mpanda. Wana simu zenye picha za kila ugonjwa, na wanapima haraka kuliko sisi. Nawapenda. Wakiniuliza ni nini kigumu katika kazi hii, wanategemea nitaje ugonjwa fulani au umbali wa kupiga baiskeli. Nawaambia kigumu ni mwenye mnyama. Kila mfugo unaouona unaumwa nyuma yake kuna mtu anayeogopa, na mara nyingi kilichomdhuru mnyama kilifanywa kwa mapenzi. Ukimpokonya mtu mapenzi hayo kwa ukali wako, umemtibu mnyama na kumwacha bila mtu.

Baada ya kustaafu, mchana mmoja nikichambua mchele, simu iliita kutoka namba nisiyoijua. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee sana.

"Ni Mama Milembe, mwanangu. Wa Majimoto. Nimekupigia kukupa habari ya msiba. Yule mwenzangu amekufa."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anasema punda. Alikuwa ameishi miaka yote ile. Nikampa pole, nikamwuliza aliumwa nini.

"Uzee tu. Alilala nje, kwenye majani mabichi, kichwa kwenye mapaja yangu. Nilimwekea mkono ubavuni mpaka mwisho. Alikuwa anatoa moja tu, mwanangu. Hata ile ya mwisho, alitoa mara moja."